Kubadilishana vitabu mtandaoni ukiwa Mtwara au Lindi: njia ipi inalipa nauli yake

Kitabu cha kubadilishana si cha bure, kina nauli. Ukishaliweka hilo kichwani, njia zote za mtandaoni zinapimika kwa swali moja tu: nauli ya kukifikisha kwako inazidi thamani yake au haizidi? Kwa kipimo hicho, kundi la WhatsApp la wasomaji wanaokaa kwenye njia za basi zinazokutana Mnazi Mmoja ya Lindi, yaani Mtwara, Mikindani, Lindi, Ndanda mpaka Masasi, linazishinda tovuti za ng'ambo na kurasa za Facebook za nchi nzima. Lina kasoro zake, na nyingine ni kubwa, ila ndilo linaloleta kitabu mkononi.

Tuanze na tovuti, maana hazichukui muda. BookMooch, iliyoanzishwa mwaka 2006 na John Buckman, huendeshwa kwa pointi: ukituma kitabu ndani ya nchi unapata pointi 1, ukituma nje unapata 3, na ukiomba kutoka nchi nyingine unakatwa 2. Gharama ya posta ni ya anayetuma. Ukiisoma hivyo, mtu wa Mtwara anaonekana kupendelewa: anatuma kimoja Ulaya, anaagiza kimoja, anabaki na chenji. Shida ni kwamba riwaya ya mtumba kwenda ng'ambo kwa ndege inakula pesa kuliko bei ya riwaya yenyewe, na wa huko naye anapiga hesabu hiyo hiyo, ndiyo maana wengine huweka wazi kwamba hawatumi nje ya nchi yao. PaperBackSwap ni ya Wamarekani walio Marekani, usimalize bando kujisajili. BookCrossing, ya mwaka 2001, kwa hakika si kubadilishana: kitabu hupewa namba, kinaachwa mahali pa wazi, na atakayekiokota aandike mtandaoni kimefika wapi. Wazo zuri, lakini kitabu kilichoachwa kwenye benchi la stendi ya Mkanaledi kitaishia kufungia karanga.

Ukitaka kujaribu tovuti ya nje hata hivyo, andika anwani kamili: jina, S.L.P., mji, postikodi (Mtwara huanza na 63, Lindi na 65), kisha Tanzania. Anayetumia sanduku la shule au la kanisa aandike na jina la mwenye sanduku, la sivyo kifurushi kitakaa kaunta hakuna anayejua ni cha nani.

Kurasa za Facebook za nchi nzima zina vitabu vingi, ila mwenye kitabu yuko Mwanza au Mbeya. Mara nyingi kifurushi kinabadilisha basi Dar es Salaam, unalipa mara mbili, na lazima awepo mtu wa kukitoa ofisi moja kukipeleka nyingine. Halafu kuna barabara yenyewe. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, njia ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika maeneo ya Somanga, na vilivyokuwa njiani vikasubiri. Kurasa hizi zitumie kutafuta kitabu adimu ambacho umeshakikosa kwa watu wa karibu.

Sasa kundi la WhatsApp. Programu inaruhusu wanachama 1,024, lakini kundi la vitabu likipita mia mbili hivi halisomeki tena: salamu za asubuhi, matangazo ya viwanja na video za mahubiri zinafunika vitabu. Kundi zuri utalijua kwa vitu viwili. Kuna siku ya kutangaza (makundi mengine huachia wanachama waandike Jumamosi na Jumapili tu), na kuna admini mwenye orodha moja inayofutwa kila kitabu kinapopata mtu. Pasipo orodha, kitabu kilichoondoka mwezi wa tatu bado kinaulizwa mwezi wa saba: "Dada habari, kile cha kemia bado kipo?"

Tangazo linalopata majibu huwa na sura hii:

NATOA: riwaya ya Kiswahili, kurasa 184, chapa ya 2009
HALI: mgongo umepasuka katikati, kurasa zote zipo, jina la mwenyewe limeandikwa ndani ya jalada
UZITO: gramu 250
NATAFUTA: riwaya yoyote ya upelelezi, au kamusi ya 2013
NILIPO: Mtwara mjini, Chikongola. Natuma mpaka Masasi

Mstari wa HALI ndio unaorukwa na wengi, na ndio chanzo cha ugomvi karibu wote. Watu wanaogopa kutapeliwa, kumbe kinachowauma zaidi ni kitabu kilichofika kweli, cha jina lile lile, kikiwa na kurasa kumi na sita pungufu. Namba hiyo haiji kwa bahati. Vitabu vingi hukunjwa kutoka karatasi kubwa, mkunjo mmoja ukitoa kurasa 16, na uzi au gundi ikiachia, mkunjo mzima unachomoka. Kwa hiyo kabla ya kukubali, omba picha tano: jalada la mbele, jalada la nyuma, ukurasa wa haki za uchapaji, mgongo, na kitabu kilichofunguliwa katikati. Kisha muombe mwenzako apitishe dole gumba akisoma namba za kurasa 16, 32, 48, 64 na kuendelea. Ni kazi ya dakika mbili, na mkunjo uliokosekana utajulikana hapo hapo.

Vitabu vya gundi tupu, visivyoshonwa, vina ugonjwa wao. Gundi hukauka, inakuwa ngumu kama kijiti, na ukikifungua kwa nguvu mgongo unalia "ka!" kisha karatasi zinatoka moja moja. Hicho bado kinasomeka. Andika "karatasi zinatoka", kifunge na mpira, na kihesabu kuwa nusu ya thamani. Umanjano wa karatasi usikutishe, hasa kwa riwaya zilizochapwa kwenye karatasi ya aina ya gazeti: mti una kitu kinachoitwa lignini ambacho hugeuka rangi kwa mwanga na hewa. Ni uzee tu, na hauambukizi.

Kinachoambukiza ni ukungu. Pwani yetu ina hewa nzito. Unyevu wa chumba ukipita asilimia 65 hivi kwa siku kadhaa, ukungu unaanza, na kuanzia mvua za Desemba mpaka Aprili kabati lililogusa ukuta wa nje halina usalama. Katika picha, ukungu ulio hai ni vumbi la kijivu au la kijani lenye manyoya, kwa kawaida kwenye mgongo na kingo za juu. Madoa ya kahawia yaliyotapakaa kama madoa ya chai, makavu, ni habari nyingine, hayo yavumilie. Kwa mchwa, tazama kona za chini: mchwa hupanda kutoka sakafuni, hula kutokea chini, na huacha njia za udongo. Kitabu chenye udongo kwenye kona usikipokee hata cha kupewa.

Vitabu vya shule ndivyo vinavyozunguka zaidi, hasa Desemba na Januari, na ndivyo vyenye mitego mingi. Kwanza mtaala: ulioboreshwa mwaka 2023 ulianza kutumika 2024 kwa baadhi ya madarasa, hivyo kitabu cha kiada cha muhtasari wa zamani kinaweza kuwa kizima, kisafi, na bado kisimfae mtoto. Uliza darasa na mwaka wa chapa kabla ya kuuliza bei ya basi. Pili, kitabu chenye muhuri wa shule au maneno ya kwamba ni mali ya Serikali si chako kukitoa, hata kama kimekaa nyumbani miaka sita. Kirudishwe shuleni. Kundi linaloruhusu vitabu hivyo litaanza kwa nia njema na kuishia kuwa soko la vitabu vilivyopotea darasani.

Kwa kamusi, taja toleo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ina la 1981, la 2004 na la 2013, na mtu anayetoa la 2013 akapokea la 1981 ana haki ya kununa. Njia ya uhakika ni ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu. Vitabu vya kabla ya 2007 vina namba kumi, vya baadaye vina kumi na tatu zinazoanza na 978 au 979; vya wachapishaji wa Tanzania utaona 9976 au 9987, ama mwanzoni kabisa ama baada ya 978. Kosa la kawaida ni kuchukua namba kumi za zamani, kubandika 978 mbele, basi. Tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi na hupigiwa hesabu upya, kwa hiyo ISBN uliyoiunga hivyo huweza isilete kitu ukiitafuta, ukadhani kitabu hakipo. Andika ile iliyochapwa ndani ya kitabu, kama ilivyo, hata kama inaishia na herufi X.

Kubadilishana ana kwa ana, wewe unipe changu nikupe chako, hukwama mara nyingi kwa sababu anayetaka chako hana unachotaka. Dawa ni mzunguko wa watatu. Tuseme wa Mtwara ana kitabu anachokitaka wa Lindi, wa Lindi ana cha wa Masasi, na wa Masasi ana cha wa Mtwara. Kila mmoja anatuma kimoja, anapokea kimoja. Mwenye orodha ndiye anayeuona mzunguko huu, wanachama wenyewe hawauoni. Usivuke watu watatu. Wakiwa wanne, mmoja lazima atasafiri au atafiwa, na wote watatu watamsubiri. Wa Liwale aingizwe kiangazi tu, kwa sababu mvua ikishika, ratiba ya huko inaamuliwa na barabara.

Uzito unaukisia bila mzani. Karatasi ya A4 ya gramu 80 ina gramu 5, ya ukubwa wa nusu yake gramu 2.5. Kitabu cha kurasa 200 cha ukubwa huo kina karatasi 100, ndiyo gramu 250, ongeza 30 hivi za jalada. Ofisi za mabasi kwa kawaida hukisia kifurushi kwa macho, kwa hiyo vitabu vitatu vilivyofungwa vizuri mara nyingi hulipiwa sawa na kimoja. Hapo ndipo kundi linapata faida: badilishaneni vitatu kwa vitatu, si kimoja kwa kimoja.

Ufungaji: funga kwanza kwa nailoni ya kujaladia madaftari, kingo zote zizibwe kwa solotepu, kisha vipande viwili vya boksi gumu juu na chini vinavyozidi kitabu kwa sentimita moja kila upande, kisha karatasi ya kaki. Ule ukingo wa sentimita moja ndio unaookoa kona kifurushi kinapotupwa buti. Usibandike solotepu kwenye jalada lenyewe, ikibanduliwa inaondoka na picha. Andika kwa maka peni jina na simu ya mpokeaji na kituo cha kushukia. Mnazi Mmoja iandikwe "Mnazi Mmoja, Lindi", kwa sababu Dar es Salaam nayo ina yake. Chukua risiti, ipige picha pamoja na namba ya basi, itume kabla basi halijaondoka. Msimu wa korosho, Oktoba mpaka Desemba, mabasi hujaa mizigo na kifurushi kidogo husukumwa chini. Tuma katikati ya wiki.

Nani atume kwanza? Makundi mengine hutumia dhamana: kila mmoja anamwekea admini kiasi sawa na thamani ya kitabu kwa simu, anarudishiwa kitabu kikifika. Inafanya kazi kama admini anafahamika mjini na anakotoa huduma kunajulikana, vinginevyo umehamisha wasiwasi tu kutoka mtu mmoja kwenda mwingine. Rahisi zaidi ni kutuma siku moja, risiti kwa risiti. Atakayekutumia ujumbe wa "umepokea" uliotoka namba ya kawaida, usiuamini. Angalia salio lako mwenyewe.

Jambo moja linaloua makundi haya polepole ni PDF. Mtu mmoja anarusha kitabu kizima kilichopigwa picha, wengine wanashukuru, na wiki ya pili hakuna anayetaka kulipia basi. Mbali na hilo, kitabu chako ni chako kukigawa, ila kusambaza nakala yake bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Admini asiyefuta PDF siku hiyo hiyo hafai.

Kifurushi kikifika, kisiingie kabatini. Kifungue nje, kikung'ute, kipige brashi laini kwenye kingo, kikae peke yake wiki moja mahali pakavu penye upepo, si juani, maana jua linapinda jalada. Ukiona vile vidudu vya kijivu vinavyoteleza kama samaki na kula gundi, au mayai ya mende kwenye mgongo, kifunge kwenye nailoni, toa hewa, kiweke kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Baridi haiui ukungu, ni kwa wadudu tu. Ukikitoa, usikifungue kabla ya saa 24, ili umande ugande nje ya nailoni na si kwenye karatasi. Na kama friza ni la samaki, funga nailoni mbili.