New York Comic Con kwa mkusanyaji wa komiki: uzoefu wangu

Niseme msimamo wangu mapema kabisa ili asiye na muda ajue. Kama wewe ni mkusanyaji, yani mtu wa kutunza komiki kwenye plastiki na kadibodi, sio mtu wa kufata selfi na mastaa wa sinema, New York Comic Con, lile tamasha kubwa la komiki, inalipa, tena inalipa sana, ila inalipa kwa vitu ambavyo havipo kwenye matangazo yao. Matangazo yote ni waigizaji na trela mpya, wakati utamu wenyewe upo kwa wale wazee wenye maboksi ya kadibodi na kule mezani kwa wachoraji.

Kwa wasioijua, siku hizi inafanyika kila Oktoba kuanzia Alhamisi mpaka Jumapili pale Javits Center, lile jengo kubwa la vioo magharibi mwa Manhattan karibu na mto Hudson. Ilianza 2006, kwa hiyo ni changa ukilinganisha na ya San Diego ambayo iko toka 1970, lakini kwa wingi wa watu imeshakuwa kubwa mno, kwa siku zote nne wanapita zaidi ya watu laki mbili. Mimi naishi New Jersey kwa hiyo nashuka Penn Station natembea mtaa wa 34 kuelekea mtoni, asiyependa kutembea anachukua treni namba 7 inamshusha Hudson Yards mlangoni kabisa. Beji ya kuingilia ina chipu ndani, unaigusisha kwenye mashine ukiingia na ukitoka, mabegi yanakaguliwa, na waliovaa kama wahusika wenye mapanga na bunduki za maigizo wanakaguliwa silaha zao kivyake. Kuna mabango makubwa kabisa yanayosema mtu kuvaa kama mhusika sio ruhusa ya kumshika wala kumpiga picha bila kumuuliza, hayo yapo toka 2014, na nayaunga mkono kwa moyo wote sababu dada zetu walikuwa wanasumbuliwa sana kwenye shughuli kama hizi.

Ukumbi mkuu wa vibanda vikubwa sina mengi ya kusema. Taa, skrini, muziki, foleni za midoli inayotoka kwa ajili ya tamasha tu, vingine mpaka ushinde bahati nasibu mtandaoni kabla ya siku yenyewe. Anayependa aende. Mimi napita tu kuelekea kwa wauza komiki za zamani.

Huko ndio kwenyewe. Meza ndefu zimepangwa maboksi meupe, ndani komiki zimesimamishwa kwa alfabeti na kwa namba, ukutani nyuma ya muuzaji ndio zinaning'inia zile za bei mbaya, na chini ya meza mara nyingi kuna maboksi ya dola moja mpaka tano ambayo watu wengi hawainami kuyaangalia. Inama. Goti liume lakini inama, maana kule chini kuna matoleo ya miaka ya 80 na 90 mazuri tu ambayo mtandaoni ungelipia zaidi gharama ya kutumiwa kwa posta kuliko kwenye komiki yenyewe. Na kuna adabu zake, usichomoe komiki kwa kuivuta kona ya juu, unasogeza zile za mbele kwanza alafu unainua kwa chini na viganja viwili, na ukitaka kuitoa kwenye mfuko unamuuliza mwenye meza. Akikuruhusu, ile selotepu ya kufungia mfuko usiiache inaning'inia, ikunje yote irudi nyuma ya mfuko au itoe kabisa, sababu wakati unachomoa komiki selotepu ikigusa kava imebeba rangi na hiyo rangi hairudi tena. Nimeshaona kava limechanika hivo mbele ya macho yangu, la mtu mwingine, nikaumia kama ni langu.

Sasa kwa nini nasisitiza kushika kwa mkono wakati komiki zote zipo mtandaoni? Sababu picha haikuambii kila kitu. Komiki za zamani zilichapwa kwenye karatasi ile ile ya magazeti, ina asidi, inabadilika rangi yenyewe taratibu toka nyeupe inaenda krimu inaenda kahawia mpaka inaanza kuvunjika kwenye kingo, na picha iliyopigwa kwenye taa kali inaficha yote hayo. Pini za stepla zikiwa na kutu haionekani mpaka ufungue katikati. Kuna watu wanapunguza kingo kwa wembe ili kona zilizochoka zionekane kali, kuna wengine wanapaka wino mweusi kwenye mgongo wa kava jeusi kuficha mistari ya mikunjo. Mkononi unageuza kwenye mwanga, unaona.

Mfano hai huu hapa. Jamaa yangu wa Houston alinituma nimwangalizie Incredible Hulk 181, ile ya Novemba 1974 ambayo Wolverine anatokea kikamilifu mara ya kwanza, mpya ilikuwa senti 25, leo ni maelfu ya dola. Nikaipata kwa muuzaji mmoja, kava safi, rangi imekolea, bei ya komiki iliyo kamili. Sasa komiki za Marvel za kipindi kile kwenye ukurasa wa barua za wasomaji zilikuwa na stempu ndogo, na Marvel wenyewe walikuwa wanawahimiza watoto waikate waibandike kwenye kijitabu mpaka wakusanye zote 100. Kwa hiyo mamia ya watoto walishika mkasi, na hawana kosa lolote, waliambiwa. Kwenye namba 181 ile stempu ina picha ya Shanna, mhusika mwingine wa Marvel, na kila mkusanyaji anajua hiyo ndio sehemu ya kwanza kuangalia. Nikamwomba yule muuzaji nione ndani, akasema haifunguliwi mpaka nilipe. Nikamwambia sawa, basi ifungue wewe mwenyewe mimi nitaangalia tu sitagusa, akazunguka zunguka, watu wakaanza kusogea, mwisho akafungua. Ukurasa wa barua una tundu la mraba, limekatwa vizuri kabisa kwa mkasi, unaona ukurasa wa nyuma yake unachungulia. Komiki kama hiyo ukiipeleka kupimwa CGC, ile kampuni inayopima komiki na kuzipa gredi, haipati lebo ya kawaida ya bluu yenye gredi nzuri, inapewa ya kijani yenye maelezo ya kasoro au inashushwa gredi mpaka chini kabisa, na bei inaanguka vibaya. Kwenye kikaratasi chake cha bei hakuandika neno hata moja kuhusu stempu. Nilikasirika jamani, na bado nikikumbuka nakasirika, sababu kuna kijana angeweza kutoa akiba yake ya mwaka mzima pale. Nikampigia jamaa Houston nikamwambia hakuna kitu hapa.

Ila wauzaji wengi sio hivo. Yule niliyenunua kwake mimi, mzee mmoja mwenye meza pembeni kabisa, alinifungulia mwenyewe kabla sijaomba, akanionyesha mkunjo mdogo nyuma ambao nisingeuona. Nilichokuwa nakitafuta ni X-Men 102, Desemba 1976, kaandika Chris Claremont kachora Dave Cockrum, na naomba mnivumilie hapa maana hii ndio roho ya mkusanyo wangu. Mimi nakusanya Storm. Yule dada wa nywele nyeupe anayeamrisha radi na mvua, alitokea kwanza kwenye Giant-Size X-Men 1 mwaka 1975, na anapotokea yuko Kenya, profesa Xavier anamfata huko huko kumwomba ajiunge na kikosi. Sasa hii 102 ndio inaeleza ametoka wapi. Mama yake binti wa kifalme kutoka Kenya, baba Mmarekani mpiga picha wa magazeti, kazaliwa Harlem, wakahamia Cairo, mwaka 1956 kwenye vita vya Suez ndege ikaangukia nyumba yao, wazazi wakafa palepale na mtoto akabaki amefukiwa kwenye kifusi pembeni ya mama yake, ndio maana mpaka leo, mwanamke anayerusha kimbunga kwa mkono mmoja anashindwa kupumua akifungiwa chumba kidogo. Baadaye akiwa binti anaondoka Cairo anashuka kusini mpaka Serengeti. Mtu aliyekulia Morogoro kama mimi, kukuta Serengeti kwenye komiki ya Marvel ya mwaka 1976, hisia yake sijui niielezeje. Tunapendwa kuchorwa na watu wa mbali na mengi wanakosea, zile mavazi na vijiji havifanani na kwetu, lakini tumo.

Alitaka dola 70. Hapo ndio unashukuru kuzoea kununua Kariakoo, nikachomoa na nyingine mbili kutoka boksi lake la chini nikaziweka pamoja nikamuuliza zote tatu ananifanyiaje, tukaenda tukarudi, tukamalizana 75 taslimu. Kurasa bado zina weupe, pini hazina kutu, kurasa za katikati zimeshika. Nimeridhika mno.

Upande wa wachoraji, wanapaita Artist Alley, ndio sehemu nayoipenda kuliko zote na ningependa Waswahili wengi zaidi waijue. Ni safu za meza ndogo, kila meza mchoraji mmoja au wawili, wenye majina makubwa wamekaa na wanaoanza, unafika unaongea na mtu aliyechora kitu ulichokisoma. Wengine saini ni bure, wengine wanatoza, na ukisema unaipeleka kupimwa mara nyingi bei inapanda, sababu saini ikishapata lebo ya njano ya CGC thamani inaongezeka. Hiyo lebo ya njano mjue huipati kwa kuleta komiki ambayo ilishasainiwa nyumbani, lazima shahidi wao aone saini ikiwekwa kwa macho yake, kwa hiyo panga nao kabla hujasainiwa chochote. Ukitaka mchoro wa oda usisubiri siku ya tamasha, andika barua pepe wiki kadhaa kabla, orodha zao zinajaa.

Nilisimama muda mrefu kwa mchoraji mmoja anatia wino kwa brashi, sio kalamu, brashi, anaanza mstari mwembamba kama unywele kwenye sikio la mhusika, unanenepa begani alafu unapotelea kwenye mkono, bila kuinua mkono. Nikamwonyesha kwenye simu ukurasa wa zamani wa Sani, lile jarida letu la katuni, wenye Lodi Lofa. Akaukuza, akakaa kimya anaangalia jinsi watu walivyobanwa kwenye fremu na bado kila mmoja ana sura yake, akaniuliza hizi naweza kuzipata wapi. Sikuwa na jibu. Nyie, sisi tulikuwa na Sani, tulikuwa na Ndumilakuwili na Madenge, zikasomwa saluni mpaka zikararuka, alafu zikafungia karanga. Wakenya nao walikuwa na Joe na Pichadithi. Hebu mwenye nakala zimebaki kabatini kwa mjomba asizitupe, mfuko wa plastiki na kadibodi isiyo na asidi ni senti chache tu, ziweke wima sehemu kavu mbali na jua, basi.

Kwenye foleni ya maji nikasikia Kiswahili. Dada mmoja Mkenya kavaa kama Storm, wigi jeupe, na badala ya lile joho jeusi kavaa leso mbili zimeshonwa pamoja zikafungwa kwenye viganja, akitembea zinapepea. Nikamsalimia, akacheka, akasema, "Kaka, watu wananiuliza hii ni Storm gani, nawaambia hii ndio ile ya ukweli." Nikamtolea ile 102 kwenye begi. Alikuwa hajawahi kuiona ya karatasi, kaisoma kwenye simu tu. Akapangusa mikono kwenye suruali vizuri kabisa kabla hajaipokea, na hapo nikajua huyu ni mwenzetu. Tumebadilishana namba, ananitafutia Pichadithi Nairobi nami namtafutia Giant-Size ya bei ya kibinadamu.

Mengine haraka haraka. Viatu vya kutembelea, sio vya kupendezea. Maji na chakula beba chako. Beba pesa taslimu, wauzaji wengi wanachukua kadi ila bei ya taslimu ni nyingine. Beba orodha ya namba ulizonazo, na kipande cha kadibodi ngumu au folda ngumu ya kuwekea ulichonunua, mle ndani ukibanwa na umati komiki inakunjika ndani ya begi.

Na siku ya kwenda inategemea unataka nini. Unachokitafuta kikiwa adimu nenda Alhamisi, maboksi bado hayajachambuliwa. Ukitaka bei nenda Jumapili mchana, wauzaji wamechoka na hawataki kuyabeba maboksi kurudi nayo kwenye gari, unaongea nao vizuri wanapunguza mpaka unashangaa. Jumamosi mimi siendi, hata kulifikia boksi ni kazi.