Mapambo ya sikukuu kwa anayeishi chumba na sebule

Juu ya kabati langu kuna boksi la mti wa Krismasi wa plastiki, futi 6. Limefungwa kwa kamba ya katani, maana mti ule ukishatoka boksini mara ya kwanza haurudi tena ukaenea. Unasimama sebuleni wiki 2. Wiki 50 zilizobaki unatukalia kichwani, na mende wamehamia humo.

Kwetu tunasherehekea Idi na Krismasi, kwa hiyo mapambo nimeshayanunua ya kila namna. Siku hizi kabla ya kuuliza bei najiuliza: sikukuu ikiisha, hiki kitakaa wapi? Nimeyapanga kwa jibu la swali hilo.

Ya kwanza, na kwa mbali, ni foronya za kanga za mito ya sofa. Mito unayo tayari, unaivika nguo nyingine tu, na ile iliyovuliwa inakunjwa droo moja na mashuka. Zilizoshonwa tayari siziamini, zipu zake nyingi hufa mapema. Nunua doti Kariakoo upeleke kwa fundi. Kanga moja ina takriban sentimeta 150 kwa 110. Ikatwe vipande 3 vya upana wa sentimeta 47, na kila kipande kitatoa foronya ya mto wa 45 kwa 45, ile ya kupishana mgongoni isiyohitaji zipu. Doti nzima inakupa foronya 6. Iloweke kwanza usiku kucha, peke yake: kanga mpya huchuja rangi, na inaweza kurudi kidogo.

Kwa mkato huo mji wa kanga, ile sehemu ya katikati, ndio unaokaa mbele, pindo na jina vinaangukia nyuma. Kanga yangu iliandikwa "Mgeni njoo mwenyeji apone". Leo nina mto unaosema "njoo mwenyeji", tena mgongoni. Ukitaka jina lisomeke, mwambie fundi kabla hajashika mkasi. Na uchague rangi, usichague sikukuu. Idi husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Nyekundu na nyeupe zitaipokea popote itakapoangukia, na Desemba zitakuwa bado zipo.

Pili ni vya kuoza. Asumini inunuliwe jioni ikiwa vitumba, iwekwe kwenye kisahani, itafunguka usiku na chumba kizima kitajua. Kwa Krismasi, tawi la mvinje kwenye ndoo ya mchanga uliolowa. Utanunua upya kila mwaka, ndiyo, lakini huhifadhi chochote.

Mkeka wa ukili wa rangi nauweka wa tatu kwa sababu tu bei yake inauma. Wageni wakizidi viti unatandikwa, wakiondoka unaviringishwa na kusimama nyuma ya mlango. Dukani vuta kidogo pale ukili unapoungana. Uzi ukiacha mwanya, achana nao. Usiuviringishe ukiwa na unyevu, utaota koga.

Taa za kumetameta ni za nne. Chukua za LED za rangi moja ya manjano, na muuzaji aziwashe mbele yako, zote, si kipande cha mwanzo. Mimi zangu sizishushi dirishani mwaka mzima, umeme ukiwepo ndizo taa yetu ya kulia chakula. Ukizishusha, zizungushe kwenye kipande cha boksi zisije zikajifunga mafundo.

Mwisho kabisa ni maua ya plastiki, ambayo ni vumbi lenye shina, na chochote kilichochapwa mwaka. Mti wa plastiki nao uko huku. Kama roho haitulii bila mti, nunua wa futi 2 unaokaa juu ya friji na kuingia kwenye ndoo yenye mfuniko. Wa futi 6 ninao mimi, natoa bure. Uje na kamba yako.