Uzamifu huku ukiwa kazini: uzoefu wangu nchini Kenya

Kusomea uzamifu (PhD) ukiwa na ajira naipa alama za juu, ila kwa wale wanaoshughulikia vibali mapema. Ugumu wa mada haukwamishi wengi. Wengi hukwama kati ya pendekezo la utafiti na ukusanyaji wa data.

Ukishatetea pendekezo, ofisi ya masomo ya uzamili hukupa barua na kamati ya maadili hukupa idhini, ndipo uombe mtandaoni leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi. Leseni hiyo ni ya mwaka mmoja. Kwa anayekusanya data wikendi na wakati wa likizo, mwaka huyoyoma hojaji zikiwa nusu. Kwa hiyo omba leseni hojaji yako ikiwa imekamilika kabisa, na maombi ya kuihuisha yatangulie tarehe ya mwisho. Data iliyokusanywa kabla ya idhini ya maadili ni hasara tupu, kwani kamati haiidhinishi kazi iliyokwisha kufanyika.

Kutafiti mahali pako pa kazi huokoa nauli, lakini swali gumu ni hili: karani aliye chini yako ana uhuru gani wa kukataa? Nashauri mtu asiye na mamlaka juu yake ndiye amwalike na kupokea hojaji, isiyo na jina. Mwajiri naye atoe barua inayotaja data utakayotumia na kama taasisi itatajwa. Ruhusa ya mdomo huondoka na meneja aliyeitoa.

Dakika tisini za kuandika kila alfajiri zinafaa kuliko Jumamosi nzima, maana baada ya siku sita, asubuhi huishia kutafuta ulipoachia. Kabla ya kufunga kompyuta, andika sentensi moja ya kazi inayofuata.

Msimamizi usimrundikie sura nzima. Mpe kurasa kumi na tano, na juu yake ukurasa mmoja wenye mabadiliko, maswali yako na tarehe ya kukutana. Kwa kupanga marejeo, programu ya Zotero inatosha na ni ya bure. Hifadhi yake ya bure ya mtandaoni ni MB 300 tu, hivyo sawazisha marejeo peke yake, PDF ziweke kwenye diski ya nje.

Karo huendelea kuhesabiwa hata usipoandika neno. Ukihamishwa kituo, omba kuahirisha masomo kwa maandishi kabla ya muhula kuanza, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa ibaki kwako.