Wiki sita bwawani Nairobi, siku mbili Diani: uzoefu wangu wa kuzamia kwa pumzi moja

Nimezamia kwa mtungi wa hewa miaka tisa, Watamu na Kisite, nikadhani mafunzo ya juu ya kuzamia kwa pumzi moja ni kubana pumzi tu. Kumbe shida yangu ilikuwa masikio. Ukiwa na mtungi unaziba pua, unasukuma hewa ya kifuani, masikio yanafunguka. Ukishuka kichwa chini bila mtungi, mapafu yanaminywa: mita 10 yamebaki nusu, mita 30 robo, na hewa ya kusukuma huipati. Hapo kazi ni ya ulimi, kusukuma hewa iliyo mdomoni. Kocha alituketisha kando ya bwawa, mkono mmoja puani, mwingine tumboni, tutamke "k" bila sauti. Tumbo likicheza, umekosea. Nilirudia jikoni, nikarudia kwenye matatu, mpaka pua ikawa inavimba na tumbo limetulia tuli. Wiki tatu nzima!

Bwawa lina kina cha mita 3 tu, na Julai maji yake ni baridi kweli. Mwili ukitetemeka unakula oksijeni. Tena Nairobi iko juu, mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi. Dakika mbili na nusu za kubana pumzi hapa utazitolea jasho.

Ninachowasifu makocha zaidi ni usalama. Kuhema harakaharaka kabla ya kuzama ni marufuku: kunaondoa kaboni dioksidi, ambayo ndiyo hukusukuma kuvuta pumzi, nawe unaweza kuzimia bila dalili. Jioni moja mwenzangu aliibuka baada ya kuogelea mita 50 chini ya maji, midomo imekuwa buluu, kichwa kinatikisika. Nikamshika kidevu kisiguse maji, nikamwambia, "Vuta pumzi. Vuta tena." Sekunde chache macho yakarudi. Siku hizi mtu akiniambia yuko sawa, bado namtazama usoni nusu dakika.

Lawama ninayo moja, nayo iliniuma. Ada ya siku za baharini haikuwa kwenye tangazo. Niliambiwa wiki ya nne, nimeshalipa ya bwawa. Ukijiandikisha popote, uliza hilo kwanza.

Tulishuka Mombasa kwa treni ya SGR, kisha Diani, boya lenye kamba ya kushukia likafungwa nje ya mwamba. Mara ya kwanza sikio la kushoto liligoma kwenye mita 14, nikageuka. Kesho yake asubuhi nilishuka polepole, ulimi ukifanya kazi yake, mpaka mkono ukagusa kibao mwisho wa kamba: mita 24.