Intaneti ya kebo ofisini Sakina: simu ya mezani safi, WhatsApp matatani

Ofisi yetu ya safari za watalii iko Sakina, Arusha. Tunatumia intaneti ya kebo: waya uleule wa TV ndio unaoleta mtandao na laini ya simu ya mezani. Kifurushi ni Mbps 50 za kushusha na 5 za kupandisha. Kwenye kushusha sina neno. Kazi iko kwenye kupandisha.

Madereva wakirudi kutoka hifadhi ya Tarangire wanaanza kumwaga video za wageni mtandaoni. Saa hiyohiyo dada wa mapokezi anaongea kwa simu ya mezani na wakala wa Ujerumani, sauti haina hata mkwaruzo. Mimi meza ya pili niko WhatsApp na mteja mwingine, namsikia kama yuko ndani ya pipa, mara kimya kabisa. Na modemu ni hiyohiyo moja!

Jibu nililipata kwenye ukurasa wa modemu yenyewe. Andika 192.168.100.1 kwenye kivinjari. Modemu nyingi za kebo zinatumia anwani hiyo. Yangu inaonyesha mikondo ya huduma, yaani njia tofauti za data ndani ya waya uleule, kila mmoja na namba yake. Kwa kawaida upande wa kupandisha kuna mmoja tu wa data. Dada akianza kuongea, nikifungua ukurasa upya, wa pili unatokea. Akikata, unapotea.

Mpango huu wa mikondo uliingia na DOCSIS 1.1, toleo la kiwango cha intaneti ya kebo, mwaka 1999. Kila pakiti (kipande kidogo cha data) inayotoka, modemu inaikagua kwa kanuni: anwani ya IP inakotoka na inakokwenda, itifaki, namba ya poti, alama ya kipaumbele. Kanuni yenye kipaumbele kikubwa huangaliwa kwanza. Pakiti isiyolingana na kanuni yoyote inaangukia mkondo mkuu pamoja na makorokoro yote, na WhatsApp yangu imo humo, nyuma ya video za tembo wa Tarangire. Mkondo wa simu umetengewa nafasi za kutuma kila baada ya muda maalumu, hauombi. Wa data lazima uombe nafasi kwa mtambo wa kampuni na kusubiri. Pakiti zinazoshuka hupangwa na mtambo huohuo kabla hazijafika kwetu.

Nikawapigia huduma kwa wateja waniwekee kanuni ya simu za video. Wakaniambia nizime modemu niwashe tena. Hiyo haisaidii kitu, maana ikiwaka inapakua upya faili la mipangilio kutoka kwa kampuni, na kanuni zimo humo, mteja haligusi. Fundi aliyekuja baadaye ndiye aliyenyoosha maneno: kifurushi chetu kina mkondo mmoja wa data, basi. Wangesema hivyo siku ya kuuza.

Kilichoniokoa ni ruta yangu yenye OpenWrt, programu huria ya kuendesha ruta. Niliwasha SQM, kipengele chake cha kupanga foleni ya pakiti, nikaweka kikomo cha kupandisha Mbps 4.5, chini kidogo ya kile cha kampuni, ili foleni ijae kwenye ruta ninayoweza kuipanga. WhatsApp imetulia. Video za madereva zinachelewa kidogo, na hakuna aliyelalamika.

Nyota tatu kati ya tano. Anayetegemea simu ya mezani achukue. Wa Zoom na mafaili makubwa aulizie kwanza Mbps za kupandisha, maana tangazo linapiga kelele za kushusha tu. Na jenereta lako lisikupe kiburi: umeme ukikatika mtaani na vile vikuza mawimbi vya kwenye nguzo vikazimika, hata wewe mwenye taa huna mtandao.