Neoplan Skyliner, ghorofa la barabarani tangu 1967

Wapenzi wa mabasi, kama kuna basi moja la kitalii ambalo mtu inabidi alipande walau mara moja basi kwangu mimi ni Skyliner, basi la ghorofa la kampuni ya Neoplan ya Ujerumani, na ukilipanda kimbilia siti za mbele kabisa kule juu. Kioo kinaanzia karibu na magoti kinapanda mpaka kinaingia kwenye dari, dereva yuko chini ya miguu yako humwoni kabisa, likikata kona unahisi kama wewe ndo unaelea juu ya barabara. Nilikaa pale masaa mengi na simu sikuigusa.

Na hiyo raha haikuja juzi. Konrad Auwärter, mtoto wa Gottlob aliyeanzisha kampuni hiyo kule Stuttgart mwaka 1935, alilichora wazo la basi la ghorofa akiwa bado mwanafunzi, ilikuwa kazi yake ya kumalizia masomo, na 1967 Skyliner likaingia barabarani. Ugumu wake ni kwamba nchi nyingi za Ulaya basi lisizidi mita 4 kwenda juu, sasa ndani ya mita 4 uweke sakafu mbili, watu, AC na bado lisiyumbe, ndo maana sakafu ya chini iko chini sana karibu na lami na dereva anakaa hukohuko. Mpaka leo mpango ni uleule, japo MAN, watengenezaji wa malori na mabasi wa Ujerumani, waliinunua Neoplan 2001 na hili la sasa lilitoka 2010, lina karibu mita 14, eksili tatu, injini ya lita 12.4 na linabeba mpaka watu 83.

Kasoro zipo na zote zinatokana na zile mita 4. Ukiwa mrefu juu utatembea umeinama, nilishuhudia kaka mmoja akigonga kichwa mara mbili akitafuta siti yake, halafu buti ni dogo ukilinganisha na basi la kawaida lenye buti tumboni, hapa chini wamekaa watu, kwa hiyo mabegi ya watu 80 yanabanana kule nyuma. Ngazi nazo nyembamba, inabidi ushike bomba kwelikweli gari likiwa kwenye mwendo.

Ukisafiri na mzee mkatie siti ya chini, kuna meza na mlango uko palepale. Watoto wapeleke juu.