Data Isiyo na Kikomo na Data ya Kupimwa: Uzoefu Wangu wa Kurusha Mazishi Mubashara

Kazi yangu ni kupiga video na kurusha mazishi mubashara kwa ajili ya jamaa walio ng'ambo ambao hawawezi kufika. Ninaishi Migosi, Kisumu, lakini Jumamosi nyingi hunikuta mbali na nyumbani, leo Yala, wiki ijayo Ahero, nyingine Luanda au Ugunja, miji midogo ya huku magharibi mwa Kenya, nikiwa na kamera mbili, betri za akiba na laini ya simu ambayo riziki yangu yote inaitegemea. Kwa muda wa miezi kumi na minne laini hiyo ilikuwa na kifurushi cha mwezi kilichotangazwa kuwa hakina kikomo. Baadaye nilikiacha kwa upande wa kazi nikarudi kwenye data ya kupimwa, ile unayonunua gigabaiti kadhaa na kuziona zikipungua. Kampuni iliyoniuzia sitaitaja, kwa maana ninalotaka kulieleza ni aina hii ya kifurushi na namna kinavyouzwa.

Nianze na hesabu, kwa sababu bila hesabu mjadala huu huwa kelele tupu. Picha ya mubashara ya kiwango cha 720p, ambayo ndiyo ninayowaahidi wateja, huhitaji kasi ya kupakia (yaani kutuma data kwenda mtandaoni) ya takriban megabiti 2.5 kwa sekunde. Kwa kuwa baiti moja ni biti nane, saa moja ya matangazo hula gigabaiti 1.1 hivi. Ibada ikianza saa nne asubuhi na watu wakatawanyika saa tisa alasiri, nimetumia kati ya gigabaiti 5 na 6. Mazishi manne kwa mwezi ni kama gigabaiti 22, kabla sijahesabu majaribio ya Ijumaa jioni, wateja ninaowatumia vipande vya video, na watoto wangu wawili ambao hujiunga na simu yangu kila ninapoingia nyumbani. Nilipoambiwa kwamba kwa shilingi 3,000 sitahesabu tena, nilifurahi kwa dhati. Nilikuwa nimechoka kubonyeza namba za kuangalia salio katikati ya wimbo wa maombolezo.

Na lazima nikiri kwamba miezi ya mwanzo ilikuwa mizuri mno. Sikukatikiwa hata mara moja. Niliacha kuzima video zinazojianzisha zenyewe, mke wangu akaanza kufuatilia masomo yake ya ushonaji bila kuniomba ruhusa, na gharama ya mwezi ikawa ni ile ile, jambo ambalo kwa mtu wa biashara ndogo ni nafuu kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwenye kipato cha kubahatisha huthamini sana gharama isiyobadilika.

Kikomo nilikikuta mwezi wa Aprili, shule zikiwa zimefungwa. Tulikuwa Yala, katika mazishi ya mama mmoja ambaye kifungua mimba wake anaishi Minneapolis, Marekani, na makaratasi yake hayakuwa yamekamilika kiasi cha kumruhusu kusafiri na kurudi. Yeye ndiye aliyelipia matangazo, kupitia dada yake. Nilikuwa nimefunga kamera moja kando ya hema la familia na nyingine karibu na kaburi. Tangu nilipoanza kurusha picha haikutulia, nami nikailaumu kampuni kwa mnara dhaifu wa kijijini. Ilipofika saa saba mchana, tarakimu iliyo kwenye pembe ya programu ya kurushia, ambayo huonyesha kasi inayotoka, ilikuwa bado imekwama kwenye kilobiti 900 badala ya 2,500. Nilipunguza ubora hadi 480p. Sauti ya mchungaji ikawa inafika vipande vipande. Jeneza lilipobebwa kuelekea kaburini, picha waliyokuwa wakiiona Minneapolis, ambako ilikuwa alfajiri, iliganda kwenye migongo ya watu na mwavuli mmoja wa bluu.

Dada yake alinijia polepole, simu mkononi, akaninong'oneza, "Kaka, anasema haoni kitu. Analia tu."

Mpwa wangu, ambaye hunishikia kamera ya pili, ndiye aliyeokoa kilichobaki. Alikuwa na laini ya kampuni ile ile, ila asubuhi hiyo alikuwa amenunua kifurushi cha siku moja cha gigabaiti 1 kwa shilingi 99. "Mjomba, hebu pima yangu," aliniambia. Tulisimama mahali pamoja, chini ya mwembe mmoja, tukitumia mnara mmoja. Simu yake ilipakia kwa megabiti 7 kwa sekunde na yangu haikufika hata megabiti 1. Niliunganisha mitambo kwenye simu yake, picha ikarudi, lakini wakati huo udongo ulikuwa umeshaanza kurudishwa. Dakika 11 zilikuwa zimepotea, na ndizo dakika ambazo mtoto wa marehemu alizilipia.

Usiku wa Jumamosi niliutafuta ujumbe nikaupata. Ulikuwa umeingia Alhamisi saa tano usiku, katikati ya arafa za matangazo na za mikopo, ukinijulisha kwamba nimefikia kiwango cha matumizi ya haki na kwamba nitaendelea kuwa na intaneti kwa kasi iliyopunguzwa. Kiwango chenyewe kilikuwa gigabaiti 45. Baada ya hapo kasi ilishushwa hadi megabiti 1 kwa sekunde mpaka mwezi uishe. Jumatatu nilikwenda kwenye duka lao mjini. Dada aliyenihudumia alikuwa mpole na mwenye subira; alinifungulia ukurasa wa vigezo na masharti akanionyesha kifungu hicho, nami sikuweza kukikana. "Data yako haijaisha, bado unayo," alinieleza. "Ni kasi tu iliyopungua." Nilimuuliza iwapo ninaweza kulipa zaidi ili nirudishiwe kasi kwa ajili ya Jumamosi inayofuata. Haiwezekani, alisema, mpaka tarehe ya kuanza upya. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma hadi leo kuliko kikomo chenyewe. Mwenye kifurushi cha shilingi 99 angeweza kununua kingine papo hapo, na mimi niliyelipa 3,000 sikuwa na mlango wa kupitia.

Nimelifikiria sana jibu lake, kwa sababu kwa hesabu dada yule hakusema uongo. Kasi ya megabiti 1 ikitumika bila kusimama hupitisha takriban megabaiti 450 kwa saa, na kwa siku 30 za mchana na usiku ni zaidi ya gigabaiti 300. Anayepakua filamu usiku akiwa amelala hana malalamiko. Lakini matangazo ya mubashara hayawezi kusubiri. Yanahitaji megabiti 2.5 katika sekunde hii hii, na zile gigabaiti 300 za mwezi mzima hazina faida kwayo. Kwa hiyo kikomo kipo katika aina zote mbili za vifurushi. Kwenye data ya kupimwa kimewekwa kwenye wingi, mahali unapokiona, na kwenye ile nyingine kimehamishiwa kwenye kasi, mahali ambapo wengi hawakitazami.

Kampuni zina sababu ya kufanya hivyo, nami siidharau. Masafa ya redio ambayo mnara mmoja unatumia ni ya kugawana. Watu mia tano wakikusanyika katika boma moja Jumamosi, kila mmoja akituma picha, wote wananyonya kutoka chemchemi moja, na asipokuwapo wa kuzuia, wachache wanaopakua usiku na mchana watawakausha wengine. Ndiyo maana ninatofautisha ucheleweshaji wa aina mbili. Ule wa mnara kulemewa humpata kila mtu, mwenye kifurushi hiki na mwenye kile, na nimeupata mara kadhaa hata baada ya kubadilisha laini. Ule wa pili unawekwa na kampuni kwa laini yako peke yako, hata kama mnara una nafasi tele. Kipimo chake ni kile alichokifanya mpwa wangu: chukua laini nyingine ya kampuni hiyo hiyo, simama hapo hapo, upime zote mbili. Na upime kasi ya kupakia, si ya kupakua pekee, maana mabango hutaja ya kupakua.

Yule kijana wa Minneapolis, nilipompigia kumwomba radhi na kumrudishia nusu ya malipo, hakunikaripia. Aliniambia kwamba huko kwao jambo hili lina historia ndefu, nami nikaifuatilia. Mwezi wa Juni 2010 kampuni ya simu ya AT&T iliacha kuwauzia wateja wapya wa simu janja data isiyo na kikomo, ikaleta viwango viwili: megabaiti 200 kwa dola 15 na gigabaiti 2 kwa dola 25. Waliokuwa na mpango wa zamani waliachiwa wauendeleze. Mnamo Oktoba 2014 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliishtaki kampuni hiyo kwa madai kwamba wateja hao walipunguziwa kasi bila kuelezwa ipasavyo, wengine baada ya kutumia gigabaiti 2 tu kwa mwezi, na kwamba walioathirika walikuwa zaidi ya milioni 3.5. Shauri hilo lilimalizwa kwa maafikiano mwaka 2019, kampuni ikakubali kutoa dola milioni 60 na kuweka wazi masharti ya kasi mahali mteja anapoyaona. Niliposoma hayo nilielewa kwamba hasira yangu haikuwa ya mshamba asiyesoma masharti. Tume hiyo haikudai data itolewe bila mpaka. Ilitaka mpaka utajwe kwa herufi zinazosomeka.

Sasa niigeukie data ya kupimwa, kwa kuwa nayo ina mateso yake, na anayeisifu bila kuyataja hajaitumia nyumbani kwenye watoto. Wiki ya kwanza baada ya kurudi kwayo, nilinunua gigabaiti 10 za siku 30 kwa shilingi 1,000. Kulipokucha zilikuwa zimebaki chini ya 4. Simu yangu ilikuwa imehifadhi picha na video zote mtandaoni usiku kucha, kama nilivyoiruhusu enzi za kifurushi kile kingine, nami nilikuwa nimesahau kuizuia. Hakuna aliyeniibia, lakini uchungu wake ni ule ule. Tena bei ya kila gigabaiti ni kubwa, na ndani yake mna ushuru wa bidhaa, ambao ulipandishwa hadi asilimia 20 mwaka 2021 kabla ya kurudishwa 15 mwaka 2023, pamoja na kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16. Na kuna lile la muda wa kuisha, ambapo gigabaiti ulizozilipia hufutwa usiku wa manane kwa sababu tu tarehe imefika. Tangu Oktoba 2019, Safaricom ilipoleta vifurushi visivyo na muda wa kuisha, angalau pana njia ya kulikwepa, ingawa kwa fedha ile ile unapata gigabaiti chache zaidi.

Mimi huvinunua hivyo visivyoisha kwa ajili ya kazi, licha ya bei yake. Mazishi hayana ratiba. Kuna mwezi ninaofanya sita na mwezi ninaofanya moja, na kifurushi cha kunisubiri kinanifaa kuliko kinachonikimbiza. Nyumbani nimeacha kifurushi kisicho na kikomo kwenye laini tofauti, iliyo ndani ya ruta, na huko kinafanya kazi vyema. Hata kasi ikishushwa mwishoni mwa mwezi, watoto wanafungua kazi zao za shule na mama yao anatazama somo la kushona kola kwa picha hafifu kidogo, na hakuna anayelia. Kwa hiyo ukiniuliza, familia yenye watumiaji wengi na isiyo na jambo la dharura ninaishauri ichukue kisicho na kikomo bila wasiwasi, mradi iulize kabla ya kulipa ni gigabaiti ngapi zinakuja kwa kasi kamili na kasi itashuka hadi ngapi. Mtu ambaye kazi yake ina saa maalumu, awe anafundisha kwa video, anatafsiri mikutano au anarusha ibada kama mimi, asiitegemee laini ya aina hiyo peke yake.

Kwa kampuni zetu nina maombi matatu ambayo hayahitaji mtambo mpya wowote. Idadi ya gigabaiti za kasi kamili iandikwe kwenye bango kwa ukubwa ule ule wa bei. Onyo litumwe mteja akifika asilimia 80, mchana, wakati bado ana la kufanya. Na aliyefika mwisho aruhusiwe kununua kasi ya siku moja kwenye laini ile ile. Hilo la tatu lingetosha kuziokoa dakika 11 za Yala.

Faili kamili ya mazishi yale, ambayo kamera ilikuwa imeihifadhi yenyewe, ilikuwa na gigabaiti 9. Kwa kasi niliyoachiwa ingechukua saa 20 kuipakia. Niliibeba kwenye fleshi hadi saiba moja mjini (duka la huduma za intaneti) yenye intaneti ya faiba, ikamalizika kabla ya saa moja kwisha, na kijana yule aliyaona mazishi ya mama yake Jumatatu usiku.

Familia hiyo imeniita tena kwa ibada ya ukumbusho mwezi wa Desemba. Kabla ya kutuma malipo ya awali, kijana yule aliuliza jambo moja tu: laini nitakayotumia kurushia ni ya aina gani. Nimemtumia picha ya salio langu, gigabaiti 14 zisizo na tarehe ya kuisha, naye akajibu kwamba atakuwa macho.